Pakiti Inayofunguliwa Mwisho

Katika upasuaji wa kupunguza maji yaliyojaa kichwani mwa mtoto, kifaa chenyewe ndicho hufunguliwa mwisho. Kichwa kimeshapasuliwa kidogo nyuma ya sikio, tumbo nalo limefunguliwa, na njia ya kuunganisha sehemu hizo mbili imeshatobolewa chini ya ngozi. Shanti, yaani mrija wa kuyapitisha maji hayo kutoka kichwani hadi tumboni, bado imo ndani ya pakiti. Hapo daktari na nesi wake huvua glavu za juu, kwa kuwa wamevaa mbili mbili, huvaa nyingine mpya, ndipo pakiti inafunguliwa. Mpira ule mwembamba wa silikoni hushikwa kwa koleo, hauwekwi juu ya kitambaa, na haugusi ngozi ya mtoto popote isipokuwa pale unapoingilia.

Uangalifu wote huo ni hasa kwa sababu ya bakteria mmoja mpole, Staphylococcus epidermidis, anayeishi kwenye ngozi zetu sote bila kutudhuru. Akiugusa mpira, hujijengea utando wa kunata ambao kinga ya mwili haiupenyi na antibayotiki haziumalizi. Shanti hutolewa, maji yakapitishiwa nje kwa mrija wa muda, mtoto akachomwa sindano siku baada ya siku, kisha akarudishwa thieta kuwekewa nyingine. Na huyu mara nyingi ni mtoto aliyekwisha kuumizwa na viini: uchunguzi wa Mbale, mashariki mwa Uganda, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto waliopelekwa huko maji yaliwajaa kichwani baada ya maambukizi, mengi yakiwa ya mwezi wao wa kwanza duniani.

Kwa mzazi wa Mutuini, Nairobi, kazi hii hufanyiwa Hospitali Kuu ya Kenyatta, au hupanda na mtoto hadi hospitali ya Kijabe. Yeye huona bandeji tu. Nawastahi mno watu wa thieta kwa yale asiyoyaona: mtoto wa shanti kupangwa wa kwanza asubuhi, mlango kufungwa, watu kupunguzwa. Ngozi husuguliwa kutoka kichwani, shingoni, kifuani hadi tumboni, kisha dawa huachwa ikauke yenyewe. Dakika hizo za kusimama mikono imekunjwa kifuani, huku orodha ya wagonjwa ikingoja, ndizo ngumu kuliko kushona. Anayezifupisha hapati aibu siku hiyo; aibu huja baada ya wiki kadhaa, na hubebwa na mtoto.

Ustadi huu umepimwa. Huko Marseille, Ufaransa, daktari Maurice Choux na wenzake walitangaza mwaka 1992 kwamba kwa kushika utaratibu wa namna hiyo waliteremsha maambukizi kutoka wagonjwa 15 hivi katika kila 100 hadi chini ya mmoja. Mwaka 2001, madaktari wa Toronto walionyesha kuwa glavu iliyotoboka huongeza hatari. Tundu lisiloonekana kwa macho latosha. Mbale nako, daktari wa upasuaji Benjamin Warf alilinganisha shanti ya Chhabra ya India, ya dola 35 hivi, na nyingine ya takriban dola 650. Watoto 195 walifuatiliwa, na baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya maana: si bei ya kifaa iliyoamua.

Zipo shanti zilizotiwa antibayotiki. Utafiti wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 1,600, ulikuta maambukizi ya asilimia 2 kwazo dhidi ya 6 kwa zile za kawaida. Natamani zifike kila thieta yetu. Hata hivyo, bado huingizwa na mikono ileile, na Warf mwenyewe, pale inapowezekana, alichagua kutoacha kitu kabisa: kutoboa njia ya maji ndani ya ubongo na kuchoma tishu inayoyatengeneza.

Kwa watoto wengi hilo haliwezekani, na shanti hubaki mwilini. Maambukizi mengi hujitokeza miezi ya mwanzo, kwa hiyo kazi huendelea kliniki ya mtaani, kwa nesi mwenye utepe wa kupimia kichwa. Mtoto wa shanti akija na homa, akitapika, akilala kupita kiasi, au ngozi ikiwa nyekundu kufuata mpira, hapewi dawa ya homa na kurudishwa nyumbani. Anaandikiwa barua siku hiyohiyo, arudi kwa waliomfanyia upasuaji.