Sanduku la Kutafutia Linavyopimwa

Juzi hapa Nakuru watu walipigia makofi kazi iliyounganisha tovuti za pareto, viazi na miti katika faharasa moja ya Solr, programu ya utafutaji. Eti imepunguza gharama. Seva moja ya Solr hubeba faharasa nyingi zilizotengana, kwa hiyo hoja hiyo haisimami. Na utafutaji hupimwa kwa jibu la kwanza.

Asiyejua hukagua kama kurasa za tovuti jirani zimejipenyeza. Hazionekani, anaridhika. Lakini kichujio kinachozizuia huficha kurasa tu, hakigusi alama zinazopanga matokeo. BM25, kipimo cha kawaida cha Lucene, injini iliyo ndani ya Solr, tangu toleo la 6 mwaka 2016, hukadiria uadimu wa neno katika faharasa nzima, pamoja na kurasa usizoonyeshwa. Hesabu ya uadimu aliitoa Karen Spärck Jones mwaka 1972, na bado watu wanaipuuza!

Tuseme tovuti ya wakulima wa pareto wa Molo ina kurasa 400: 380 zinataja pareto, 12 zinataja miche. Mkulima anaandika “miche ya pareto”. Faharasa ikiwa yake peke yake, “pareto” hupata uzito wa 0.05 na “miche” 3.5, hivyo ukurasa wa miche hupanda juu. Ndivyo ipasavyo, maana huko karibu kila ukurasa ni wa pareto. Sasa ichanganye na nyingine hadi kurasa 20,000, pareto ikibaki katika 380 zilezile na miche ikitajwa katika 3,000. “Pareto” inaruka hadi karibu 4, “miche” inashuka hadi 1.9, na tangazo la mkutano lililorudiarudia pareto linaweza kuushinda ukurasa wa miche. Hakuna kilichovuja, na jibu limeharibika.

Wakati wa kukabidhi kazi, walaghai hubandika kwa mkono matokeo ya maneno watakayoandika mbele ya mteja. Chukua kibodi uandike mwenyewe. Fundi wa Njoro aliyenifunza hakupokea kazi kabla ya kutafuta kwa pamoja neno lililojaa kila ukurasa na neno adimu. Kisha aliandika “mika” kwenye tovuti ya pareto: likipendekezwa “mikaratusi”, ukilibofya usipate kitu, faharasa imechanganywa.

Faharasa ya pamoja inafaa pale tu msomaji anapotafuta kote kwa mara moja, kwa sababu alama za faharasa mbalimbali hazilinganishiki.