Mto Unaozaliwa Ndani ya Fremu

Mei Mosi ikishapita Bujumbura, na tena baada ya tarehe 1 Julai, siku ya uhuru, mafundi wa Buyenzi hubaki na mali isiyo na bei. Kwa majuma kadhaa wamekata na kushona vitenge vya sare za gwaride: ofisi hii maua mekundu, chama kile majani ya buluu, shule fulani duara za manjano. Gwaride limekwisha, nguo zimekabidhiwa, na chini ya meza ya kukatia yamerundikana mabaki: mikato ya shingo, pembe za makwapa, mikanda myembamba iliyosalia pembeni mwa kitenge cha yadi 6. Mengine huchukuliwa na makanika wakafutie grisi, maana Buyenzi hiyohiyo ni mtaa wa gereji. Mengine hutupwa. Yanayosalia huchambuliwa rangi kwa rangi, hufuliwa, hupigwa pasi na kupangwa ndani ya katoni.

Humo ndimo hutoka mito ya kochi, vipochi vya sarafu, vitambaa vya kuwekea vikombe, vishikio vya sufuria ya moto, na mara mojamoja mfarishi wa mtoto mchanga. Ni kazi za vipande vilivyoungwa, zikatiwa pamba katikati, zikashonwa na kunakshiwa kwa mashine ya kudarizi yenye kompyuta. Mpita njia akiiona mashine hiyo ikijiendesha huku fundi ameketi pembeni, husema kwamba siku hizi kazi inafanywa na chuma. Hasemi hivyo aliyewahi kukaa karibu akatazama dakika 20 za maandalizi kabla kitufe hakijabonyezwa. Kitambaa ni kitu kinachotaka kusogea. Hunywea, huvutika, hukunjamana, huteleza. Mashine haijui hayo. Inarudia tu ilichoamriwa. Anayejua kitambaa kitasogea wapi, na kwa kiasi gani, ni fundi, na analazimika kuyajua hayo mapema.

Tuanze na jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi. Kwenye cherehani ya kawaida, sindano hupanda na kushuka huku meno ya chini yakisukuma kitambaa mbele. Kwenye mashine ya kudarizi meno hayo hayana kazi. Kitambaa kimekazwa ndani ya fremu, na fremu ndiyo inayotembea mbele na nyuma, kushoto na kulia, ikikipeleka chini ya sindano mahali panapotakiwa. Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1820, Josué Heilmann wa Mulhouse, Ufaransa, alibuni mashine iliyosogeza kitambaa kizima mbele ya safu za sindano, mwendeshaji akifuatisha mchoro mkubwa kwa mkono mmoja. Mwaka 1863 Mswisi Isaak Gröbli akaleta ile ya kutumia uzi mfululizo pamoja na kijimashua cha uzi wa nyuma. Mashine ndogo inayokaa leo juu ya meza Buyenzi ni mjukuu wao.

Ila kati ya mababu hao na mjukuu huyu kuna ustadi mwingine ambao sitaki upite bila kutajwa, kwa sababu bado uko hai. Ni wa fundi wa cherehani ya zigizaga, kama ile Singer 20U, anayeshika duara la kudarizia kwa mikono miwili na kulizungusha yeye mwenyewe chini ya sindano, huku goti lake likisukuma mkono wa chuma unaopanua na kubana upana wa mshono. Jani la ua huanza kwa ncha kama ya sindano, likanenepa tumboni, likarudi kuwa ncha, na vyote hivyo vimetoka gotini. Mara nyingi hana mchoro. Kuna alama chache za chaki tu. Namhesabu miongoni mwa wachoraji bora wa mji, na wengi waliohamia kwenye mashine ya kompyuta wakafanikiwa walipitia mikononi mwa watu kama yeye.

Sasa mto wa kochi. Kazi huanza kwa kufua, na hapa wengi huharakisha. Vipande vya katoni moja vimetoka viwanda mbalimbali. Bujumbura yenyewe ina historia ya kusuka na kuchapa vitambaa, kuanzia COTEBU hadi Afritextile iliyorithi kiwanda hicho, na pamba hulimwa katika bonde la Imbo, hapohapo kando ya mji. Vingine vimetoka Tanzania, vingine Kongo, vingine China. Kila kimoja hunywea kwa kiasi chake kikiguswa na maji. Ukiviunga vikiwa vipya, mto utapendeza mpaka siku ya kwanza ya kufuliwa. Siku hiyo kipande kimoja kitavuta, jirani yake kitakataa, na uso wote utakunjamana. Tena kuna rangi nyekundu. Fundi makini huchukua kitambaa cheupe kilicholowa, akakisugua juu ya kipande chekundu, akatazama. Kikitoa rangi, kinawekwa kando, hata kiwe kizuri namna gani.

Inafuata fremu. Karatasi ya kuimarishia hukazwa peke yake kati ya pete mbili, skrubu ikafungwa, na fundi huigonga kwa ukucha: ilie kama ngoma. Lakini kitambaa chenyewe kinapokazwa humo, kwa ajili ya nakshi ya kawaida, mkono wake hubadilika. Kitambaa kikivutwa mpaka kikalia namna hiyo, nyuzi zake zimetanuka; kikifunguliwa kitarudi kwenye saizi yake, lakini mshono hautarudi, na ua litabaki limezungukwa na mikunjo. Kwa hiyo hukilaza kikiwa kimenyooka, mtande ukielekea juu na mshindio pembeni, akakaza kidogo tu na kamwe asikivute kwa mshazari, kwa sababu pamba huvutika zaidi upande huo. Tofauti kati ya kukaza na kuvuta haionekani kwa macho. Iko vidoleni.

Karatasi ikishakaa, mashine hushona mstari wa mraba mtupu juu yake. Huo ni ramani. Fundi hulaza tabaka la pamba juu ya mraba, mashine inazunguka tena na kulishikiza. Anatoa fremu bila kuifungua, anachukua mkasi mdogo wenye ncha iliyopinda, anakata pamba iliyozidi milimita 2 tu kutoka kwenye uzi. Anairudisha. Kipande cha kwanza cha kitenge hukaa katikati, uso juu. Cha pili hulazwa juu yake uso chini, kingo zikilingana. Mashine inapiga mshono mmoja, fundi anakikunjua, anakipiga pasi kwa kijipasi kidogo au kwa ukucha wa gumba. Cha tatu kinafuata, cha nne, vikizunguka kuelekea nje. Kila kipande kimekatwa kikiwa kipana kwa karibu sentimita moja kuliko nafasi yake, maana mshono utakula. Asiyekumbuka hilo hufika ukingoni akakuta karatasi inachungulia.

Hapo mashine huachiwa ipite juu ya vyote kwa mstari mmoja unaojipinda bila kukatika, ukizama kwenye pamba na kuacha vituta baina ya mizunguko. Mstari huanzia katikati, na sababu yake ni ileile ya kitambaa kutaka kusogea: tabaka tatu zikibanwa kwa uzi, ulegevu hutafuta pa kwenda, na ukianza kushonea ukingoni utaukusanya wote katikati, uwe mkunjo mmoja mkubwa usiopigika pasi.

Nakshi yenyewe, labda jina la mtoto au ua, huja baada ya hapo, na ndiyo inayofichua kama mchoro ulitengenezwa na mtu anayejua kushona. Mishono iliyobanana, ile inayong'aa kama hariri, huwekwa kwa nafasi ya kama milimita 0.4 kati ya uzi na uzi. Kila mchomo huvuta kitambaa ndani kidogo, na kwa maelfu ya michomo duara huwa yai. Kwa hiyo mchoraji stadi hulichora duara likiwa limetanuka kidogo upande ule utakaovutwa, ili likishonwa liwe duara. Ninalipenda jambo hili kuliko mengine yote ya kazi hii. Kwenye skrini kuna umbo lililokosewa makusudi, na mbele ya sindano linanyooka.

Kabla ya kukubali rangi yoyote, fundi hupindua kipande cha majaribio na kutazama nyuma. Uzi wa juu ni namba 40, wa rangi. Wa bobini ni mwembamba zaidi, kwa kawaida mweupe. Mvutano ukiwa sawa, nyuma ya kila mstari ulioshibishwa uzi kuna ufito mweupe wa theluthi moja katikati na theluthi mbili za rangi pembeni. Mweupe ukiwa mwingi, uzi wa juu umebana. Usipoonekana kabisa, umelegea. Sindano nayo hubadilishwa: 75/11 kwa nakshi, 90/14 pale tabaka zinapokuwa nyingi. Mwishoni hulazwa vipande viwili vya nyuma vinavyopishana, uso chini, ukapigwa mshono wa kuzunguka. Karatasi inachanwa, pembe zinakatwa mshazari bila kugusa uzi, na kitu kizima kinapinduliwa kupitia mwanya. Mshono huo wa mwisho ulipigwa undani wa mto ukiwa nje, na ni fundi peke yake aliyekuwa akiuona ulivyo.

Halafu kuna umeme, ambao Bujumbura hukatika. Mashine ndogo za nyumbani hupiga kati ya michomo 400 na 650 kwa dakika. Nakshi ya michomo 10,000, kwa mwendo wa 400, ni dakika 25 bila kuhesabu kubadilisha nyuzi. Ni muda wa kutosha taa kuzimika. Fundi mmoja wa Buyenzi huweka daftari na penseli kando ya mashine, naye huandika namba ya mchomo inayoonekana kwenye skrini kila anapobadilisha rangi na tena katikati ya eneo kubwa. Umeme ukirudi, huipeleka mashine kwenye namba hiyo, kisha huirudisha nyuma michomo kama kumi ili nyuzi zipandane, na pale palipokatika pasijulikane. Wakati wa giza haketi bure. Karibu na mlango ana Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, na kazi ya kuunga mapindo, kutia zipu na kufunga kingo huwekwa akiba kwa ajili ya saa hizo. Amepanga siku yake kati ya mashine mbili.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako Wasiddi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari kwa karne kadhaa, wengi wakiwa watumwa, na baadhi wakitoka mashariki hii yetu. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo zilizochakaa, na huushona kinyume kabisa na mashine: wanaanzia ukingoni, wakizunguka kwa sindano ya mkono kuelekea katikati, kila kiraka kikikunjwa ukingo papo hapo. Kwenye pembe nne hutia vipande vilivyokunjwa, viitwavyo phula, maua, na mfarishi usio navyo huhesabiwa uko uchi. Ulegevu wao hauna nafasi ya kujikusanya kwa sababu mkono huutuliza kila baada ya mchomo, na kiraka cha mwisho huja kufunika kilichobaki. Mashine haiwezi kufanya hivyo. Kwa hili naona mkono bado unaitangulia, na fundi yeyote mwenye mashine angefaidika kushona japo kawandi moja ndogo.

Kazi ngumu kuliko zote kwa mwenye fremu ndogo ni mfarishi wa mtoto. Fremu ya sentimita 10 kwa 10 hutoa mraba wa sentimita 9 baada ya kuungwa. Mfarishi wa sentimita 90 kila upande unadai miraba 100. Kwa dakika 20 kila mmoja, ni zaidi ya saa 33 za mashine, kabla hata ya kuunganisha. Na hapo kosa dogo hukua: mraba uliozidi milimita moja haumkeri mtu, ila kumi ya namna hiyo katika safu moja ni sentimita nzima, na safu ya chini yake haitalingana nayo. Ndiyo maana kila mraba ukitoka kwenye fremu hupimwa kwa kigezo cha karatasi ngumu. Uliozidi huandikwa nyuma kwa chaki na kupangwa safu moja na uliopungua, na uliokataa kabisa hugeuzwa kitambaa cha kuwekea kikombe.

Anayeletewa mfarishi kama huo asiutazame usoni kwanza, maana rangi za vitenge humpendeza kila mtu. Aupindue, atafute mahali pembe za miraba minne zinapokutana, aweke kidole hapo. Pakiwa bapa, mishono yote minne ikifika kwenye nukta moja na hakuna kifundo kilichonyanyuka, basi alipe bei iliyotajwa na asiombe kupunguziwa.