Kinyama cha Milimita Mbili

Ukimtaja Christiaan Barnard, watu hukumbuka usiku mmoja wa Desemba 1967 katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Ni haki yake, alithubutu. Lakini anayetaka kuelewa jinsi upandikizaji wa moyo ulivyoacha kuwapa wagonjwa siku za kuhesabu ukaanza kuwapa miaka, inambidi auweke usiku ule kando kwa muda. Kuushona moyo kifuani hakukuwa sehemu ngumu.

Fumbo la ushonaji lilikwisha kuteguliwa miaka saba nyuma. Mwaka 1960, Norman Shumway na Richard Lower wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walichapisha matokeo ya kupandikiza mioyo ya mbwa. Mishipa inayoingia moyoni ni mingi, na kuunga mmoja mmoja hula muda ambao mgonjwa hana. Wao waliacha ukuta wa nyuma wa vyumba viwili vya juu vya moyo wa zamani, mishipa ikiwa bado imeshika palepale, kisha wakaushonea moyo mpya kwenye ukingo wa ukuta huo. Baada ya hapo ilibaki kuunga aorta na ateri iendayo mapafuni, basi. Moyo ulipokuwa nje ya mwili ulipozwa kwa maji ya chumvi yenye nyuzi 4 hivi. Barnard alipoingia chumba cha upasuaji, msingi wa kazi yake ulikuwa huo.

Mgonjwa wake, Louis Washkansky, muuza vyakula, aliamka vizuri. Moyo wa msichana aliyegongwa na gari ulimpigia sawasawa, na uvimbe wa miguu ukaanza kushuka. Kisha madoa yakaonekana kwenye picha za mapafu. Je, kinga ya mwili ilikuwa imeanza kuushambulia moyo mgeni, au ni maambukizi? Madaktari walielekea jibu la kwanza, wakaongeza dawa za kushusha kinga. Ilikuwa nimonia. Alifariki siku ya 18, na moyo wenyewe ulikuwa ungali na nguvu hadi karibu na mwisho.

Kwa maoni yangu, somo lote la miaka ile limo katika kisa hiki. Maadui wawili walikuja na sura moja, na tiba ya mmoja ilikuwa chakula cha mwingine. Mwili ukiukataa moyo, kinga lazima ishushwe. Bakteria wakiingia, kinga hiyohiyo ndiyo inayohitajika. Daktari asiye na njia ya kuwatofautisha anabahatisha, hata awe fundi kiasi gani wa kisu.

Dunia haikusubiri. Januari 1968 Barnard alimpandikizia moyo daktari wa meno Philip Blaiberg, ambaye aliishi miezi 19 na kupigwa picha akiogelea baharini. Picha za namna hiyo ziliwatia hamu wapasuaji wa kila bara. Mwaka huo peke yake zilifanyika operesheni zaidi ya 100, nyingi katika hospitali ambazo hazikuwa na historia ya maabara nyuma yake. Wengi wa wagonjwa hawakuumaliza mwaka. Kufikia 1971 vituo vingi vilikuwa vimefunga ukurasa huo kimyakimya. Waliobaki walihesabika kwa vidole: Shumway pale Stanford, Lower aliyekuwa amehamia Richmond, Virginia, Barnard mwenyewe, na Christian Cabrol mjini Paris.

Stanford walikuwa wakisoma dalili za moyo kukataliwa kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Msuli ukishambuliwa huvimba, na mawimbi kwenye karatasi hufupika. Kipimo kilisaidia, ila kilisema kwa kuchelewa, wakati madhara yamekwisha kuanza. Kilichohitajika ni kuuona msuli wenyewe.

Mapema miaka ya 1970, hapohapo Stanford, daktari kijana kutoka Belfast, Philip Caves, alikichukua kifaa kilichokuwa kimebuniwa Japani na kukirekebisha. Ni waya mrefu unaopindika, wenye vitaya vidogo nchani. Shingo upande wa kulia inatiwa ganzi, mgonjwa akiwa macho, na waya unapitishwa kwenye mshipa mkubwa wa damu hadi chumba cha chini cha kulia cha moyo, huku daktari akiufuata kwa eksirei. Vitaya vinauma ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini na kurudi na kinyama cha milimita moja au mbili. Zoezi zima halimlazimu mgonjwa kulazwa usingizi, kwa hiyo linaweza kurudiwa kila wiki, kisha kila mwezi.

Lakini kinyama hakisemi chenyewe, na aliyekifanya kiseme ni mwanapatholojia Margaret Billingham. Hapa msomaji wa Pwani aruhusiwe kutabasamu: mama huyu alizaliwa Tanga mwaka 1930, akasoma shule Kenya kabla ya kwenda London kusomea udaktari. Chini ya hadubini alipanga ngazi za mashambulizi: chembe nyeupe zimeanza kuzunguka mishipa midogo, zimejipenyeza kati ya nyuzi za msuli, au nyuzi zenyewe zimeanza kufa. Kila ngazi ilikuwa na jibu lake wodini. Kama kinyama ni safi na mgonjwa ana homa, tafuta maambukizi na usiguse dozi. Kama nyuzi zinakufa, mpe dozi kubwa ya steroidi kwa siku chache, kisha chukua kinyama kingine uone. Ngazi zake ziliweka msingi wa vigezo vya kimataifa vilivyokubaliwa mwaka 1990.

Mwaka 1968 ni kama mmoja tu kati ya wagonjwa watano wa Stanford aliyefikisha mwaka. Kufikia 1978 walikuwa karibu wawili kati ya watatu. Sifa zote haziendi kwa kinyama, kwani hata uchaguzi wa wagonjwa ulikuwa umekuwa makini zaidi. Lakini hayo yalitokea kabla ya siklosporini, dawa ya kushusha kinga iliyotokana na kuvu wa udongo wa Norway na ambayo Stanford walianza kuitumia kwa wagonjwa wa moyo mwishoni mwa 1980. Ndiyo maana hunikera kidogo historia inaporuka kutoka kwa Barnard hadi kwenye dawa hiyo, kama vile katikati hapakuwa na kitu. Na siklosporini haikukistaafisha kinyama. Moyo unaoshambuliwa huku mgonjwa akiwa kwenye dawa hiyo hauvimbi kama zamani, hivyo kipimo cha umeme kikakosa la kusema, na hadubini ikawa tegemeo kuliko awali.

Kuna kimoja ambacho vitaya vya Caves havikifikii. Blaiberg alipopasuliwa baada ya kifo, ateri zinazolisha moyo zilikutwa zimesinyaa vibaya, ugonjwa wa miongo kwa mtu wa kawaida ukiwa umetimia ndani ya miezi. Ateri hizo hukaa juu ya moyo, nje ya njia ya waya, na kinyama kinaweza kusomeka safi huku zenyewe zikiziba. Tena moyo uliopandikizwa umekatwa neva zake, kwa hiyo mara nyingi maumivu ya kifua yanayomwonya mgonjwa mwingine hayaji. Stanford walilijibu hilo kwa kuwaita wagonjwa wao kila mwaka, hata wanaojisikia wazima kabisa, wapigwe picha za ateri hizo kwa dawa ya rangi.