Tundu la Saba

Kitu cha kwanza alichoomba mzee ni kalamu. Bunduki yangu ya upepo, iliyokuwa ikikwama, ilikuwa imelazwa mezani kwenye banda lake mjini Birmingham, hewa yote imetolewa mtungini, magazini pembeni. Alikwisha kupitisha ufito mtutuni, kwa sababu komeo likivutwa mara mbili bila kufyatua, bunduki nyingi za aina hii husukuma risasi ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Mtutu ulikuwa mtupu. Akaishika magazini, gurudumu dogo lenye matundu 10, akaandika namba kando ya kila tundu.

Namba zile ndizo zilizonifanya nivute kiti. Mtu wa haraka angebadilisha springi, angetia mafuta, angelilazimisha komeo, na bunduki ikikubali asingejua ni lipi lililoiponya. Mzee alitaka kwanza kujua inakwama wapi. Ikigoma kwenye tundu lilelile kila mzunguko, basi kasoro iko kwenye gurudumu. Ikigoma popote, atazikagua risasi. Ikichoka kuelekea mwisho, ataishuku springi, kwani kadiri inavyojifungua ndivyo nguvu yake inavyopungua.

Kiswahili kinayaita madini na kile kinachofyatuliwa kwa neno moja, risasi, na hapa neno hilo limetosha kabisa: ni madini laini, ukucha unaweza kuyaachia alama. Umbo lake ni kama la kinu, kichwa juu, kiuno katikati, na nyuma ukingo mpana, mwembamba. Kopo likianguka sakafuni ukingo huo hupinda. Mzee aliviringisha risasi zangu za milimita 5.5 juu ya kipande cha kioo, moja baada ya moja. Zilizoyumba alizitenga, bila kusema neno.

Kazi ya kutengeneza bunduki za upepo ni ya zamani kuliko nilivyodhani. Bunduki ya upepo ya Girardoni, iliyoingia jeshi la Austria mwaka 1780, ilibeba risasi karibu 20 kwenye bomba lililolala ubavuni mwa mtutu. Askari aliinua mdomo wa bunduki juu, akasukuma kipande cha chuma upande mmoja, na risasi ikateremka kwa uzito wake yenyewe. Meriwether Lewis alikuwa na bunduki ya upepo katika safari yake ya kuvuka Marekani, na wengi wanaamini ilikuwa ya aina hiyo. Juni 1805, mbali na karakana yoyote, John Shields, mmoja wa watu wa msafara huo, aliitengenezea springi kuu mpya. Lewis aliandika kwamba Shields hakuwahi kufundishwa ufundi wowote rasmi, na vifaa vyake vingi alijitengenezea mwenyewe. Namwona akipima chuma kwa jicho kando ya mto, na hakuna duka la kukimbilia akikosea.

Mzee alipitisha risasi nzima zote 10, akizitoa mtutuni kwa ufito na kuzipanga kitambaani kwa namba. Chini ya taa, ya saba ilikuwa na kovu ubavuni, jembamba kama mwezi mwandamo. Hapo akaliacha tundu lenyewe na kutazama pengo dogo ukingoni mwa gurudumu, pale linaposimamishwa tundu la 7 likae sawa na mtutu. Ndani yake mlikuwa na unyoya wa risasi, umegandishwa na mafuta. Mafuta hayo nilitia mimi, nikidhani ni dawa. Kwa sababu ya unyoya ule gurudumu lilisimama mapema kidogo tu, upana wa unywele, na kichwa cha risasi kikawa kinaparuza ukingo wa mtutu.

Alitumia kijiti cha mbao, kwa kuwa chuma kingeikwaruza plastiki. Akafuta mafuta yote mpaka pakakauka.

Risasi 10 tena, ufito tena, kitambaa tena. Ya saba ikatoka haina kovu. Nikainuka. Mzee akazizoa zile kumi, akahesabu nyingine 10 kutoka kwenye kopo, akaanza upya na tundu la kwanza.