Sifa za Tundu Lililorudishiwa Meno

Chini ya tumbo la Volkswagen Beetle kuna kibamba cha duara kinachoshika chujio la oili. Kimefungwa kwa nati sita ndogo, kila moja juu ya stadi ya milimita 6 iliyozamishwa katika kasha la injini. Kiwanda kilitaka nati hizo zikazwe kwa nguvu ya nyutonimita 7 hivi, ambayo ni kazi ya spana fupi na mkono usio na pupa. Lakini aliyelala chini ya gari huku oili ikimdondokea kifuani haamini kwamba nguvu kidogo hivyo yatosha. Anaongeza. Oili ikibadilishwa tena, anaongeza tena. Mwishowe nati inazunguka bila kufika popote, na ukiivuta inakuja na stadi yake, mifereji ya stadi imejaa unga wa kijivu. Unga huo ndio meno ya kasha.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni ule wa kulirudishia tundu kama hilo meno yake. Hauna mashabiki wengi. Gari likipakwa rangi mpya, mtaa mzima husimama kulitazama. Likiwekewa tairi mpya, mwenyewe hulizunguka mara mbili akitabasamu. Tundu lililotengenezwa vizuri hufunikwa na nati siku hiyo hiyo na halionekani tena. Hata anayelipa hajui hasa amelipia nini, ila oili haivuji.

Hapa Matete, Beetle zilizobaki ni za kuhesabu. Injini ya namna yake, inayopozwa kwa upepo, hata hivyo, haijatoka barabarani. Imehamia kwenye pikipiki. Boxer na TVS zinazobeba watu, magunia ya mahindi na mitungi ya maziwa kutoka Lwandeti na Chevaywa zina injini za jamii ile ile: hakuna maji, hakuna rejeta, ni mapezi ya aluminiamu yanayotegemea upepo wa safari. Basi fundi wa pikipiki wa Matete na fundi wa Volkswagen wa Nairobi wa miaka ya 1960 wangekaa benchi moja na kuelewana bila mkalimani. Maradhi ni yale yale, na dawa ni ile ile.

Chanzo cha maradhi ni tofauti ya metali mbili. Stadi ni ya chuma, mwili unaoishika ni wa aluminiamu, na kwa Beetle kasha ni la aloi ya magnesiamu, metali nyepesi ajabu: ujazo ule ule wa aluminiamu huwa mzito zaidi yake kwa nusu na ushei. Wepesi huo una gharama. Kwa joto lile lile, aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma, na magnesiamu huzidi hapo kidogo. Kichwa cha silinda kikipita nyuzi 150, mwili unataka kukua na stadi haitaki kuufuata. Anayebeba ubishi huo ni meno ya tundu. Kisha mvua ya alasiri ya Kakamega inamwagikia injini moto, kila kitu kinanywea, na kesho yake mambo yanaanza upya. Pikipiki yenye abiria watatu inayopanda mlima kwa gia ya kwanza inaumia zaidi, kwa kuwa injini inatoa joto jingi wakati upepo ni kidogo.

Ila nisiilaumu metali kupita kiasi. Matundu mengi ninayoyaona yakifa hapa hayauawi na joto, yanauawa na washa. Bolti ya kumwagia oili hukaa juu ya washa laini ambayo kazi yake ni kubonyea na kuziba. Ikishabonyea mara moja inafaa itupwe, na mpya ni ya shilingi chache. Kwa kuwa mtu wa boda hubadilisha oili kila baada ya wiki chache, washa ile ile hurudishwa mara nyingi hadi ikawa ngumu, tone la oili likaanza kuchungulia, na badala ya washa mpya ikaja spana ndefu zaidi. Nguvu iliyopaswa kubonyeza shaba inaishia kukata meno.

Kuna tiba za njiani, nazo nimeziona zote: tepu nyeupe ya mafundi bomba, gundi ya vitu viwili vya kuchanganya, kipande cha mkebe kilichokunjwa na kusukumwa tunduni. Mwenye pikipiki akifika nyumbani salama kwa tepu, simlaumu. Usiku umeingia na watoto wanamsubiri. Nisichoweza kukivumilia ni bolti nene ya kuingizwa kwa nguvu ijichimbie njia yake. Hiyo hupanua ukuta wa tundu hadi ukapasuka, na injini iliyohitaji kazi ya saa moja sasa inahitaji kasha jipya.

Tiba yenyewe ni kulikubali tundu kuwa limekufa na kulitoboa kubwa zaidi, kwa makusudi, kisha kulivisha ndani meno ya metali ngumu. Njia ziko kadhaa. Kuna helikoili, waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa mfano wa springi, ambao Wamarekani waliutumia sana kwenye injini za ndege za Vita vya Pili vya Dunia. Seti zake huagizwa Nairobi, kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Kuna bushi, bomba fupi lenye meno nje na ndani, ambalo mtu wa lethi hulikereza kutoka kipande cha chuma au shaba nyeupe. Na kwa zile stadi sita za Beetle kuna njia nadhifu kuliko zote: stadi ya ngazi, yenye milimita 8 upande unaozama na milimita 6 upande wa nati. Kwa nje hakuna kitakachokuwa kimebadilika.

Nimeketi mara nyingi kwenye kibanda cha fundi mmoja wa hapa nikimtazama akifanya kazi hii, na sehemu ninayoipenda ni ya tapu. Tapu ni chombo kigumu chenye meno makali kinachokata uzi mpya ndani ya tundu. Kabla ya kuigusa, fundi huyu hufunga utepe kwenye ncha ya keekee kuweka alama ya kina, maana kutoboa kupita kiasi ni kutokea ndani ya injini. Akishatoboa, huijaza mifereji ya tapu grisi nzito ili vumbi la metali linase humo lisianguke kwenye oili. Kwa aluminiamu huongeza tone la mafuta ya taa, ambayo huifanya ikatike bila kung'ang'ania. Kisha anaanza: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Ile robo ya nyuma ndiyo shule nzima. Hukata uchafu uliojikunja mbele ya meno, na ukikaa karibu unasikia mlio mdogo mkavu unapokatika. Kijana asiye na subira huiruka, akasukuma mbele tu, na tapu ikavunjikia ndani. Tapu ni ngumu sawa na keekee, hivyo haitoboleki, na kuitoa kunaweza kula siku nzima.

Kila baada ya mizunguko michache huchomoa, hufuta, hupaka grisi upya. Huweka kipembe kidogo cha chuma kando ya tapu, mbele na ubavuni, kuhakikisha imesimama wima, kwa sababu uzi uliopinda hauna marekebisho. Akifanyia kazi kasha la Volkswagen huweka pembeni mkebe wa mchanga mkavu. Vumbi la magnesiamu hushika moto, na ukilimwagia maji unauchochea. Sijawahi kumwona akiufungua mkebe huo, lakini sijamwona akianza bila kuuweka.

Bushi ikishapakwa gundi ya nyuzi na kuingizwa, huiacha hadi kesho yake. Ndipo stadi hurudishwa kwa vidole tu, hadi ifike mwisho wake.

Na hapa ndipo sifa yangu inaposimama. Tundu hilo sasa ni bora kuliko lilivyotoka kiwandani. Chukua stadi ya kichwa ya milimita 8 ndani ya bushi yenye kipenyo cha milimita 14 kwa nje. Kwa kina kile kile, eneo linaloshikana na metali laini limeongezeka kwa robo tatu, na stadi yenyewe sasa inasuguana na chuma mwenzake. Volkswagen wenyewe walikubali hivyo. Katika miaka ya 1970 walianza kuyatoa makasha ya Beetle kiwandani yakiwa yameshavishwa bushi za chuma kwenye matundu ya stadi za vichwa, na stadi zenyewe zikapunguzwa kutoka milimita 10 hadi 8 ili zinyumbuke kidogo injini inapokua kwa joto. Mafundi waliokuwa wakivisha bushi gerejini walikuwa sahihi, na kiwanda kikaja nyuma yao.

Gari hilo halikuwa la kudharaulika pia. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, likiendeshwa na Vic Preston na D.P. Marwaha, likashinda tena 1957 na 1962, katika tope na vumbi lile lile lililozivunja gari zenye injini kubwa zaidi. Injini ya namna hiyo haifiki mwisho wa safari kwa dereva peke yake. Kuna mtu aliyeukaza kila uzi wake kwa kiasi chake.

Plagi ina somo lake. Tundu lake liko kwenye aluminiamu ya kichwa, mahali pa moto kuliko pote, na huharibika plagi inapoanza kupinda halafu ikalazimishwa kwa spana. Fundi wangu hana spana mkononi anapoanza. Huchomeka kichwa cha plagi kwenye kipande cha mpira wa petroli na kuizungusha kwa mpira huo. Plagi ikiwa imenyooka, huingia yenyewe. Ikiwa imepinda, mpira huteleza na hakuna kilichoharibika. Ni kipande cha sentimita kumi hivi, kimeokota mafuta na vumbi, kinaning'inia kwenye msumari mlangoni. Sijaona kifaa cha bei yoyote kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Malipo ya kazi hii hunikera. Mtu atanunua kichwa kipya cha silinda bila kubishana sana, kwa kuwa kiko ndani ya boksi, lakini bei ya kukiokoa cha zamani ataipunguza hadi fundi achoke. Nasema hivi kwa kuwa nawajua wote wawili, mteja na fundi, na najua nani hurudi nyumbani na nini. Bushi moja ni safari ya kwenda kwa mtu wa lethi, ni tapu inayochakaa, ni asubuhi nzima ya kuinama.

Si kila tundu huokolewa. Ufa ukishatoka kwenye tundu la stadi na kuelekea kwenye silinda, au kasha likiwa limepinda kwa joto, bushi itashika leo na kung'oka wiki ijayo. Fundi huyu huupitishia ufa kitambaa chenye mafuta ya taa, hufuta, kisha husubiri aone kama mstari utajichora tena. Ukijichora, humwita mwenye injini, humwonyesha kwa kidole, na kumwambia, "Mzee, hii usiitie pesa yako." Kwa ukaguzi huo hatozi kitu. Mwenyewe akikubali, hulinunua kasha kwa bei ya chuma chakavu na kulifunga kwenye jiliwa la vijana wake, watoboe humo, wavunje tapu humo, kabla hajawaruhusu kuigusa pikipiki ya mtu.