Hongera, Bomas of Kenya

Kwetu Ikutha, kwenye barabara ya Kibwezi kwenda Kitui, mibuyu imejaa. Akina mama huchuna nyuzi za magome yake, huzisokota juu ya paja kwa kiganja, kisha huzisuka kuwa kyondo, kikapu kisichochakaa upesi. Kwetu ujuzi huo hauandikwi. Binti huupata kwa kukaa karibu na mama yake.

Ujuzi wa aina hiyo hupotea upesi usipohifadhiwa. Ndiyo maana natoa pongezi za dhati kwa kituo cha utamaduni cha Bomas of Kenya. Kilianzishwa mwaka 1971, miaka minane tu baada ya uhuru wa Kenya, na serikali ikakipa kazi ya kuhifadhi na kuonyesha mila za makabila yetu. Pale Lang'ata, Nairobi, kuna maboma yaliyojengwa kwa mtindo wa jamii mbalimbali, la Wakamba likiwemo, na ukumbi mkubwa wa mviringo unaotikiswa na ngoma. Ni hapo hapo Bomas wajumbe walipokutana mwaka 2003 na 2004 kujadili katiba mpya.

Mtoto wa Kikamba aliyezaliwa mjini huweza kuona hapo boma la babu zake kwa macho yake, na la jirani yake Mluo pia. Hiyo si burudani tu, ni elimu. Mwacha mila ni mtumwa.

Kwa wachezaji, wapiga ngoma na walinzi wa maboma hayo: hongereni sana. Nasi wa Ikutha tunastahili kituo chetu, tukijenge wazee wangali hai kutufundisha.