Git Haiulizi Mara Mbili

Mwaka jana nilipoteza kurasa nne za hadithi kwa amri moja. Nilikuwa nimeziandika usiku kucha na kuziweka kwa Git, kwa sababu jamaa aliyenifunza programu alisema hata mwandishi anahitaji kumbukumbu ya matoleo. Asubuhi, kabla sijahifadhi toleo jipya, nikaandika "git checkout" na jina la faili, nikidhani nitaonyeshwa toleo la jana. Git haikuuliza kitu. Iliweka la jana juu ya la usiku. Kwisha.

Nikajilaumu. Ukiacha chuo unazoea kujilaumu kwanza. Halafu nikajaribu Mercurial.

Hizi mbili ni marika. Zote zilianza Aprili 2005, baada ya wenye BitKeeper kuondoa leseni ya bure waliyotumia watu wa Linux. Linus Torvalds akaunda Git, Matt Mackall akaunda Mercurial. Zote zinakupa historia nzima kwa mashine yako, hata bandoli ikiisha. Tofauti ni adabu.

Kwa Mercurial, kurudisha faili ni "revert", na ile uliyokuwa umebadilisha inakuachia nakala yenye mkia wa ".orig". Kwa Git, "checkout" hiyo hiyo inakuhamisha tawi na pia inafuta kazi yako. Juu ya hapo kuna indeksi, chumba cha kusubiri ambapo mabadiliko hukaa kabla ya kuhifadhiwa. Fundi anakipenda kwa sababu anachagua kipi kiingie. Mgeni anapotelea hapo.

Sisemi Git ni mbovu. Ina kasi, na matawi yake ni mepesi. Lakini 2019 wenyewe waliongeza "switch" na "restore" ili kugawanya ile amri. Yaani ilichukua miaka 14 kukubali kwamba shida haikuwa sisi tu. "Restore" bado haiulizi, ila angalau jina linaonya.

Mbona basi Git ikashinda? GitHub ilikuja 2008, watu wakajaa huko. Ni kama steji: unapanda gari linalojaa, si lenye kondakta mpole. Bitbucket, iliyoanza na Mercurial, iliiacha 2020.

Mimi pia niko Git, maana kazi ziko huko. Lakini nimeacha kuiomba kompyuta msamaha. Hadithi niliiandika upya. Ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi.